Aliyekutwa Ndiye Mwenye Kosa

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma maneno haya gazetini, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halikuwamo katika vitabu vya historia tulivyosomea shuleni, ingawa lina historia ndefu. Ni jambo la mfanyakazi kubebeshwa kosa la kazi ambayo hakupangiwa yeye. Mwenzake hakufanya wajibu wake, mkubwa wa kazi anafika, anamkuta huyu, na huyu aliyekutwa ndiye anayelipa.

Lilinipata mwaka 1998 mjini Masasi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na matokeo hayakuwa ya kunipeleka mbali kwa haraka. Nikapata kazi katika hoteli moja karibu na stendi. Wasikilizaji wa mbali waelewe kwamba kwetu hoteli si lazima iwe mahali pa kulala. Ni mahali pa chai, supu, chapati, wali na mbaazi. Tulikuwa wafanyakazi watano, pamoja na Mama mwenye hoteli, na shemeji yake aliyekuwa msimamizi wetu. Kazi zilikwenda kwa zamu. Mimi nilikuwa wa alfajiri: kuwasha majiko ya mkaa, kubandika chai, kupanga vikombe. Mwenzangu, kaka mmoja wa Lukuledi aliyenizidi umri kama miaka kumi, alikuwa wa usiku, na kazi yake kubwa ilikuwa moja tu, kukinga maji.

Anayeijua Masasi ya miaka ile, au Newala kule juu ya uwanda wa Makonde ambako akina mama waliteremka kwenda kuchota maji mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, hahitaji kuelezwa maana ya kukinga maji. Bomba letu lilitoa maji usiku, tena kwa saa chache. Asiyekesha na mapipa yake amekosa mpaka kesho.

Basi siku moja katika msimu wa korosho, mji umejaa wageni, niliingia kazini saa kumi alfajiri nikakuta mapipa yote matatu makavu. Abiria wa mabasi ya Dar es Salaam walikuwa wameanza kufika. Safari yenyewe wakati ule haikuwa ya mchezo. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilikuwa bado, lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu. Mtu anayekwenda safari ya namna hiyo anataka ashibe kabla ya kupanda gari. Kwetu chai hakuna, supu hakuna, hata maji ya kunawa hakuna. Abiria wakahamia kwa jirani. Saa kumi na mbili Mama akafika, akanikuta peke yangu, nimeshika kiberiti mbele ya jiko lisilokuwa na cha kupika.

"Shikamoo Mama," nikasema.

Hakuitikia. "Maji yako wapi?"

"Mama, kukinga maji ni kazi ya zamu ya usiku. Mimi nimeingia saa kumi, nimekuta mapipa matupu."

"Huyo wa usiku simwoni hapa. Niliyekukuta ni wewe."

Nilikatwa mshahara wa mwezi mzima kufidia mauzo ya asubuhi ile, na mwisho wa wiki nikaambiwa nisirudi. Kaka wa Lukuledi aliendelea na kazi. Nilimngojea aseme neno moja tu mbele ya Mama, hakulisema, na kwa miaka mingi nilipolisikia jina la Lukuledi nilikunja uso, jambo ambalo si la haki kwa watu wa Lukuledi.

Niliyekukuta ni wewe. Nilidhani maneno hayo ni ya Mama peke yake, ni hasira ya mtu aliyepoteza mauzo. Lakini kazi hii ya utangazaji hunipeleka mara kwa mara kwenye sheria za zamani, na huko nikaona kwamba Mama hakubuni kitu. Alirithi.

Tuanze na Mjerumani. Tarehe 22 Aprili 1896 Kansela wa Ujerumani alitoa amri juu ya namna ya kuwahukumu na kuwaadhibu Waafrika katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, yetu ikiwamo. Kifungu cha 17 cha amri hiyo kilihusu wafanyakazi. Kilisema kwamba mwenyeji aliye katika mkataba wa utumishi au wa kazi anaweza kuadhibiwa kwa kuendelea kupuuza wajibu wake na kwa uvivu, kwa ukaidi, au kwa kuacha kazi bila sababu. Adhabu ni viboko, au minyororo kwa muda usiozidi siku 14, au vyote viwili. Na adhabu hiyo hutolewa kwa ombi la mwajiri.

Hebu tulitazame hilo neno la mwisho, kwa ombi la mwajiri. Uzembe kazini haukuwa shauri kati ya watu wawili waliopatana mshahara. Ulikuwa jinai, na mlalamikaji katika jinai hiyo alikuwa ndiye yuleyule mwenye shamba, mwenye duka au mwenye jiko. Ofisa wa serikali alipokea ombi, akatoa adhabu. Amri iliweka mpaka wa viboko 25 kwa mara moja. Iliwaondoa wanawake katika adhabu ya viboko, ikawaondoa pia Waarabu na Wahindi. Aliyebaki ni mwanamume Mwafrika. Wazee wetu waliupokea mpaka huo wa 25 kwa jina ambalo bado linasikika, hamsa ishirini. Mtoto wa shule wa siku hizi akilisikia hudhani ni hesabu tu. Lilikuwa jina la utawala mzima.

Sasa fikiria jiko lenye watu wanne. Chungu kimeungua. Mwajiri haombi uchunguzi, anaomba viboko. Anamtaja nani? Anamtaja aliyemkuta.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, vita ambavyo vilipita hapa kwetu kabisa, kwani Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana hapohapo Lukuledi, Mwingereza akachukua nchi. Viboko vya mwajiri vikaondoka katika sheria ya kazi, lakini jinai ikabaki. Mwaka 1923 Tanganyika ilipata Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji. Jina lenyewe linajieleza. Chini ya sheria hiyo mtumishi aliyepuuza kazi yake, aliyelewa kazini, aliyemtukana bwana wake au aliyetoroka, aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Tuseme ukweli, sheria ilimbana mwajiri pia, kwani kuzuia mshahara wa mtu lilikuwa kosa. Lakini shauri lilisikilizwa na nani? Na Bwana Shauri wa wilaya, ambaye ndiye mkusanya kodi, ndiye msimamizi wa polisi, ndiye hakimu. Mpishi asiyejua Kiingereza anasimama mbele yake na kusema kwamba siku ile nyama ilikuwa mikononi mwa mwenzake. Bwana wake anasema kwa Kiingereza kwamba mpishi ni huyu. Sihitaji kueleza shauri lilimalizika vipi mara nyingi.

Mashambani mambo yalikuwa na sura yake. Watu wetu wa Masasi na Newala walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi, wengine wakavuka mpaka Tanga wakiitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye siku 30 za kazi. Mkataji alipewa kiasi cha matita, kila tita majani 30, na akitimiza siku yake inatiwa alama. Asipotimiza, siku haipo. Anayehesabu ni nyapara. Mlinzi wa reli ndogo ya shamba akichelewa kuleta mabehewa, au mfungaji akifunga tita pungufu, nyapara hamwandiki mchelewaji. Anaacha kutia alama kwenye kipande cha aliye mbele yake. Mshahara haukatwi kwa maneno, ila mwezi unakuwa mrefu. Mtu anafanya kazi siku 40 ili alipwe 30.

Nadhani ndiyo sababu wapishi walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kujiunga pamoja mijini. Dar es Salaam katika miaka ya 1940 kulikuwa na chama cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, wakati kazi nyingine nyingi zilikuwa bado hazina chama chochote. Watu hujiuliza kwa nini wapishi na si wapasua mawe. Jibu langu ni kwamba jikoni mikono ni mingi na kosa ni moja. Sukari ikipungua, kijiko kikipotea, maziwa yakichacha, kuna mpishi, kuna msaidizi wake, kuna dobi aliyepita, kuna ayah aliyekuja kuchukua uji wa mtoto. Mwenye nyumba hana muda wa kuwapambanua. Anayefukuzwa anaondoka na barua mbaya, au bila barua kabisa, na mpishi asiye na barua ya sifa kutoka kwa bwana wake wa kwanza hapati bwana wa pili. Baadaye walikuja wenye vyama vikubwa zaidi. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, na katibu mkuu wake akawa kijana wa kusini kama sisi, Rashidi Kawawa wa Songea. Desemba 1956 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini Dar es Salaam waligoma. Wengi tunakumbuka migomo ya bandari na ya mkonge, tunawasahau hawa walioweka sahani chini.

Kabla sijaiacha enzi ya Mwingereza, lazima nipite Nachingwea, maana ukiwa Lukuledi barabara ni hiyohiyo. Huko ndiko kulikotokea kisa kikubwa kuliko vyote vya watu kubebeshana makosa, na safari hii waliobebeshana ni wakubwa wenyewe.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita vya pili, ilimtuma mtaalamu wa kilimo John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aje na wenzake wawili kutazama kama karanga zinaweza kulimwa kwa mashine. Walizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki tisa hivi, mara nyingi kwa ndege, wakarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na 55 kati ya hayo katika jimbo letu la Kusini. Ekari zaidi ya milioni tatu, kwa miaka sita. Ndiyo asili ya bandari ya kina kirefu ya Mtwara, ndiyo asili ya reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambayo tuta lake wazee wanaweza kukuonyesha.

Udongo haukupimwa vya kutosha. Mvua hazikufuatiliwa kwa miaka ya kutosha. Matrekta yalinunuliwa yakiwa mitumba ya vita. Kule Kongwa ardhi ilikauka ikawa kama saruji na karanga zikabaki humo. Mwanzo lawama zilishuka chini kama kawaida. Mwafrika hajui mashine, Mwafrika mvivu, Mwafrika amegoma. Mtu wa Masasi aliyeshika usukani wa trekta miezi sita baada ya kuliona kwa mara ya kwanza akaambiwa yeye ndiye anayeua matrekta. Hakuwa yeye aliyeyanunua.

Kisha lawama zikawa kubwa mno kwa mtu wa trekta kuzibeba. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walionyesha kwamba vitabu vya fedha vya shirika lililoendesha mpango havikutunzwa inavyopasa. Novemba mwaka huo wajumbe wawili wa bodi waliondolewa, na mmojawapo alikuwa Wakefield. Aliombwa ajiuzulu, akakataa, akafukuzwa. Waziri aliyehusika, John Strachey, alibaki, na mwenyekiti wa shirika, Leslie Plummer, alibaki mpaka mwaka uliofuata. Yaani hesabu zimeharibika, anafukuzwa bwana wa kilimo.

Simtetei Wakefield kwa yote. Makadirio ya mwaka 1946 yalikuwa na sahihi yake, na mwanakilimo anayepima udongo akiwa ndani ya ndege ana lake la kujibu. Lakini hakuwa mtunza vitabu vya fedha. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulivunjwa na zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa. Kilichonifanya nikitaje kisa hiki ni kwamba hata yeye, bwana mkubwa mwenye wanasheria na magazeti, hakuponyoka kwa kusema kwamba kazi ile haikuwa yake. Itakuwaje kwa mhudumu wa chai?

Uhuru ulipokuja, jambo hili lilishughulikiwa kwa dhati, na hapa naipa haki yake serikali ya wakati ule. Mwaka 1964 ilipitishwa Sheria ya Usalama wa Ajira. Kwa mara ya kwanza makosa ya kazini yaliorodheshwa kwenye jedwali, na kila kosa likapewa adhabu yake, kuanzia onyo la maandishi, karipio, faini, mpaka kufukuzwa. Mwajiri hakuweza tena kuruka kutoka chungu kilichoungua hadi mlangoni. Na kila mahali penye wanachama kumi au zaidi wa chama cha wafanyakazi paliundwa Kamati ya Wafanyakazi, ambayo mwajiri alipaswa kuonana nayo kabla ya kumfukuza mtu. Hapo ndipo swali jipya liliingia kazini: nani alipangiwa zamu hii? Maana wanakamati walikuwa ni wale wale waliomo humo jikoni, wanaijua ratiba, wanamjua aliyelala.

Sheria ilikuwa na kasoro zake pia. Mfanyakazi asiyeridhika alikwenda Baraza la Usuluhishi, na rufaa ikaenda kwa Waziri, lakini mlango wa mahakama za kawaida ulifungwa. Na chama chenyewe, NUTA, kilichoundwa mwaka huohuo wa 1964 baada ya TFL kuvunjwa, kilikuwa na katibu mkuu ambaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza. Mtetezi na mwamuzi walikula sahani moja. Mwaka 1971 TANU ilipotoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikakataza viongozi kuwa na kiburi na uonevu, wafanyakazi wa viwandani waliishika ibara hiyo kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Migomo iliyofuata mpaka 1973, mingi haikuhusu mshahara. Ilihusu kunyanyaswa, kutukanwa, kusingiziwa. Hilo linanipa picha ya jinsi gani kamati zilikuwa zimeshindwa kufanya yote yaliyotarajiwa kwao.

Na je, mwaka 1998 pale stendi ya Masasi? Sheria ya 1964 ilikuwa bado hai. Lakini hoteli ya watu watano, hakuna hata mmoja mwenye kadi ya chama, itapata wapi kamati? Chama kipya cha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, CHODAWU, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1995. Sikuwahi kumwona mtu wake. Ofisa kazi nilimsikia kwa jina. Nilichukua mfuko wangu nikaondoka.

Sheria iliyofuata ni ya mwaka 2004, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2006. Naisoma mara nyingi, na kila nikiisoma nairudia asubuhi ile. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na kati ya maelezo hayo ni aina ya kazi anayopaswa kuifanya. Likitokea shauri na mwajiri hana maandishi, ni juu yake mwajiri kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Kifungu cha 28 kinahusu kukata mshahara kwa sababu ya hasara: hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aandikiwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kifungu cha 39 ndicho kinachogeuza meza. Mfanyakazi akilalamika kwamba ameachishwa isivyo haki, mwenye kuthibitisha kwamba ilikuwa haki ni mwajiri. Kanuni za mwaka 2007 zikaongeza kwamba kwanza pafanyike uchunguzi, kisha mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aje na mwenzake wa kumsemea.

Linganisha na kifungu cha 17 cha mwaka 1896. Miaka mia moja na kidogo imepita kutoka ombi la mwajiri hadi ushahidi wa mwajiri.

Lakini nisiwadanganye wasikilizaji wa hotelini na migahawani. Sheria hiyohiyo inasema aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Mimi nilikuwa nimefanya miezi mitano. Kwa hiyo hata kama ingekuwapo mwaka ule, ningeweza kudai mshahara wangu uliokatwa, kazi yenyewe hapana. Tena malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Kwa mtu wa Masasi, tume hiyo iko Mtwara mjini. Nauli ya kwenda na kurudi, na ya kuitwa tena wiki ijayo, inatoka wapi kwa mtu aliyekatwa mshahara? Na hayo maelezo ya maandishi ya kifungu cha 15, nenda kaulize katika hoteli tano zilizo karibu nawe kama yapo. Mimi huuliza ninaposafiri. Wahudumu hucheka.

Nina la mwisho la kusimulia. Mwaka 2011 nilikwenda Lukuledi kurekodi kipindi juu ya bei za korosho. Tulipomaliza, mzee mmoja mwenye mvi chache alinifuata chini ya mwembe nilipokuwa nikikunja nyaya. Alikuwa Kaka.

"Mdogo wangu," akasema, "nakusikia redioni. Sauti yako niliijua siku ya kwanza."

Nilimwamkia, ila nadhani uso ulinisaliti, maana hakungoja. Akanieleza kwamba jioni ya siku ile ya mapipa alipelekewa habari kwamba mtoto wake hajiwezi kwa homa. Akamwomba msimamizi ruhusa. Msimamizi, yule shemeji wa Mama, akamwambia, nenda Lukuledi, maji nitaweka mtu. Hakuweka mtu.

"Mbona hukusema mbele ya Mama?"

"Nimseme shemeji yake kwa Mama? Na wewe ulikwisha ondoka. Nilikuwa na mtoto mgonjwa, mdogo wangu, na mshahara mmoja." Akanyamaza kidogo. "Tena usifikiri niliponea. Na mimi alinikata. Nusu mwezi."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Mauzo ya asubuhi moja ya chai yalikuwa yamelipwa na mimi kwa mwezi mzima, na yeye kwa nusu mwezi, na msimamizi hakukatwa kitu. Msimamizi mwenyewe alikuwa amekwisha fariki, na Mama aliacha biashara siku nyingi. Tulikaa pale tukipiga hesabu ya shilingi za mwaka 1998 kama watu wanaodai jambo la jana. Kisha Kaka akamwita kijana mmoja mrefu aliyevaa sare ya sekondari, akamwambia alete maji tunawe, chakula kilikuwa tayari.